Anayesafiri Hurudisha Amana: Programu za Usanii na Kupandishwa kwa Mifumo Endeshi

Swali la iwapo programu ya usanii itaendelea kufanya kazi baada ya mfumo endeshi wa kompyuta kupandishwa hadi toleo jipya huulizwa kila mwaka na wachoraji, wapiga picha, wahariri wa filamu na watunzi wa muziki, na kwa kawaida hujibiwa na mafundi kwa orodha ya matoleo yanayopatana na yasiyopatana. Majibu hayo yana manufaa yake, lakini hayaligusi swali lililo kubwa zaidi. Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayosimama kati ya mitambo ya kompyuta na programu nyingine zote, ikigawa kumbukumbu, ikisoma diski, ikichora madirisha kwenye skrini na kukubali au kukataa kila ombi linaloletwa kwake. Programu ya usanii, kwa upande wake, ni chombo cha kuundia picha, kurasa, sauti au filamu, nacho hakiwezi kuchora hata mstari mmoja pasipo kuuomba mfumo huo. Kwa hiyo anayeuliza iwapo programu bado inafanya kazi anauliza, pengine bila kukusudia, maswali matatu ya kale: uwezo wa kitu kutenda umo ndani ya kitu chenyewe au kwa mwingine anayekiwezesha; mtu aliyenunua chombo amemiliki nini hasa; na kazi ya mikono ya mtu ikihifadhiwa ndani ya chombo cha mwingine, ni nani anayedaiwa kuirudisha. Makala haya yanashikilia kwamba swali la tatu ndilo lililo zito kuliko yote, na kwamba fikihi ya amana, kama inavyosomeshwa katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, ina jibu lililo wazi zaidi kuliko yale yaliyomo katika mikataba ya leseni.

Kisa kinachofaa kulibeba swali hili ni cha mwaka 2019. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa toleo la mfumo endeshi wake, macOS, lililopewa jina la Catalina na namba 10.15, na kuanzia toleo hilo programu zilizoandikwa kwa biti 32 hazikuendeshwa tena kabisa. Biti ni tarakimu moja ya hesabu ya jozi, yaani sifuri au moja, na programu ya biti 32 huzitaja anwani za kumbukumbu kwa tarakimu 32 za namna hiyo, jambo linaloiwezesha kutofautisha anwani 4,294,967,296 tu, ambazo ni sawa na gigabaiti 4. Vichakataji vya biti 64 vimeuvuka mpaka huo kwa umbali mkubwa sana, na kwa miaka mingi mfumo wa Apple ulibeba programu za aina zote mbili kwa kutunza seti mbili za maktaba, maktaba zikiwa ni mikusanyo ya maagizo ambayo programu nyingi huyatumia kwa pamoja badala ya kila moja kujiandikia yake. Catalina iliiondoa seti moja. Jambo hili halikuja kwa kushtukiza, kwani mwaka 2017 Apple ilikuwa imekwisha kuwaambia waandishi wa programu kwamba toleo la High Sierra lingekuwa la mwisho kuzibeba programu za biti 32 bila upungufu wowote, na tangu mwaka 2018 mtumiaji aliyefungua programu ya aina hiyo alionyeshwa onyo. Hata hivyo onyo humfikia mwenye uwezo wa kutenda na asiye na uwezo kwa maneno yaleyale, na mtu aliyenunua programu hana uwezo wa kuiandika upya.

Miongoni mwa zilizoathirika zilikuwamo programu za Adobe za mkusanyo wa Creative Suite 6, uliotoka mwaka 2012 na ambao ulikuwa wa mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja, kabla ya kampuni hiyo kutangaza mwezi Mei 2013 kwamba matoleo makubwa yatakayofuata yangepatikana kwa kulipia ada ya muda maalumu. InDesign ya mkusanyo huo, inayotumiwa kupanga kurasa za vitabu na majarida, ilikuwa ya biti 32, hivyo haikuwa na njia ya kupita. Photoshop ilikuwa na kiini cha biti 64, lakini sehemu zake za usakinishaji na za kuthibitisha leseni zilikuwa za biti 32, na hapo pana jambo la kutafakari kwa utulivu: uwezo wa kuchora ulikuwapo mzima, na kilichokufa ni karatasi ya ruhusa. Katika historia ndefu ya ufundi, patasi ya seremala haijapata kukataa kukata kwa sababu risiti yake imefifia.

Programu ikikwama hivyo, ni kitu gani kilichobadilika ndani yake? Faili zake zikilinganishwa biti kwa biti kabla na baada ya kupandishwa kwa mfumo, zitaonekana kuwa zilezile. Mwanafalsafa Mwingereza Peter Geach aliyaita mabadiliko ya aina hii mabadiliko ya Cambridge, akikusudia yale ambayo kwayo kitu hustahili maelezo mapya yaliyo ya kweli ilhali hakuna lililotendeka ndani ya kitu chenyewe. Mfano unaopendwa katika mjadala huu ni wa Xanthippe, mkewe Socrates, ambaye mumewe alipokunywa sumu gerezani Athens mwaka 399 kabla ya Kristo alikuwa mjane papo hapo, popote pale alipokuwa, hata kabla ya habari kumfikia. Programu iliyoachwa na mfumo wake ni mjane kwa maana hiyo. Wapo wanafalsafa wanaoyadharau mabadiliko haya na kuyaona kuwa ni mabadiliko ya maneno tu, lakini dharau hiyo haiwezi kukubaliwa na jamii inayojua ujane ni nini: una eda, una mirathi, una madeni ya marehemu ya kulipwa kabla ya mali kugawanywa, na una watu waliowajibika jana kwa jambo moja ambao leo wanawajibika kwa jingine. Badiliko la uhusiano, hata lisipogusa mwili, huzaa haki na wajibu. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika, kwa kuwa utetezi unaosikika mara nyingi, kwamba aliyepandisha mfumo hakuigusa programu ya mtu, ni wa kweli kuhusu mwili wa programu na hausemi lolote kuhusu wajibu.

Mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger, katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu kuwapo na wakati, alieleza kwamba nyundo inayofanya kazi vizuri haionekani kwa fundi, kwa sababu akili ya fundi imo katika kiti anachokiunda, na kwamba nyundo hujitokeza kama kitu cha kutazamwa pale tu inapovunjika au kukosekana. Hapo pia ndipo karakana yote, misumari, mbao, mteja na haja ya kukalia kiti, huonekana kuwa mtandao mmoja. Maelezo hayo yanakubaliana na yaliyotokea Catalina ilipotoka, isipokuwa kwa tofauti moja yenye uzito. Nyundo ya Heidegger huvunjika yenyewe, kwa kutumiwa, na anayeivunja ni fundi mwenyewe au uchakavu wa chuma. Programu haichakai kwa kutumiwa, na huvunjika pale karakana inapohamishwa na mwenye jengo.

Wanatheolojia wa Kiislamu wa madhehebu ya Ash'ari walilifikia jambo linalokaribiana na hili kwa njia nyingine kabisa, karne nyingi kabla ya umeme. Walifundisha kwamba vitu vimeundwa kwa viini vidogo visivyogawanyika, na kwamba sifa zinazokaa juu ya viini hivyo, kama vile rangi, joto, mwendo na uwezo, ni sifa zipitazo zisizodumu kwa nyakati mbili zinazofuatana, bali Mwenyezi Mungu huziumba upya kila wakati. Kitu kinachoonekana kuendelea kuwa chekundu kimejaaliwa wekundu upya katika kila pumzi ya muda. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliijenga juu ya msingi huo hoja yake mashuhuri kuhusu moto na pamba: macho huona kwamba pamba inaungua moto unapoigusa, lakini hayaoni ulazima wowote unaoufunga moto na kuungua, na kile ambacho watu hukiita sababu ni ada, yaani mazoea ambayo Mola ameyapitisha katika viumbe vyake. Msanii aliyefungua faili yake kila asubuhi kwa miaka kumi ameshuhudia ada. Ameona kwamba faili hufunguka anapoibonyeza, na kutokana na hayo ametia moyoni imani kwamba kufunguka ni sifa ya faili, ilhali kila kufunguka kulikuwa ni tendo jipya lililohitaji mfumo endeshi kukubali tena, maktaba kuwapo tena, leseni kuthibitishwa tena.

Mfano huu una mpaka wake, na adabu inataka mpaka huo utajwe. Mola katika itikadi hiyo haachi kuviruzuku viumbe vyake kwa sababu ya hesabu za robo mwaka, na mazoea aliyoyaweka hayatangui isipokuwa kwa muujiza. Kampuni ni kiumbe kati ya viumbe. Kuulinganisha mfumo endeshi na Muumba kungekuwa ni upotofu. Kinacholinganishwa ni hali ya kitu tegemezi tu, na faida ya mlinganisho ni kuonyesha kwamba uwezo wa programu kufanya kazi haukuwahi kuwa mali iliyokaa ndani ya boksi lililonunuliwa. Kutegemea si aibu, kwa kuwa kila kilichoumbwa ni tegemezi. Tatizo huanza pale kiumbe kinapotegemewa na viumbe wenzake kisha kikajiona hakidaiwi kitu.

Wanafikihi hutofautisha kati ya ain, yaani kitu chenyewe kinachoshikika, na manfaa, yaani matumizi yanayopatikana kutokana nacho. Anayenunua nyumba humiliki ain yake na manfaa yake. Anayepanga humiliki manfaa kwa muda uliotajwa. Anayeazimwa huruhusiwa kuyatumia manfaa bila kuyamiliki, na mwenye kitu anaweza kukitaka wakati wowote. Mtu aliyelipia Creative Suite 6 mwaka 2012 aliingia katika hali isiyolingana sawasawa na yoyote kati ya hizo. Diski aliyopewa ilikuwa ain, na ilikuwa yake. Leseni ilikuwa ruhusa ya kutumia, na haikuwa na tarehe ya mwisho. Lakini manfaa yenyewe yalikuwa mikononi mwa watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyeahidi kudumu, yaani mwandishi wa programu na mwenye mfumo endeshi. Katika mlango wa wakfu, wanazuoni wa Shafi wanashurutisha kwamba kitu kinachowekwa wakfu kiwe ni kile ambacho ain yake hubaki huku manfaa yake yakichumwa, na ndiyo maana chakula hakiwekwi wakfu, kwa kuwa kukitumia ni kukimaliza. Akili ya wanazuoni hao ilizoea vitu ambavyo mwili wake huisha kabla ya faida yake au pamoja nayo. Programu ya kompyuta imegeuza mpango huo juu chini: mwili wake unaweza kunakiliwa bila kupungua kwa karne nzima, na faida yake ikatoweka asubuhi moja. Hata hivyo wanazuoni haohao waliwahi kuukabili mfano ulio karibu, waliposema kwamba mti wa wakfu ukikauka au ukang'olewa na upepo, wakfu haikomi kwa kauli iliyo sahihi zaidi, bali mbao zake hutumiwa kwa yale yanayowezekana. Kilichokauka hakikuwa ruhusa ya kuwadhulumu waliokuwa wakila matunda.

Lipo pingamizi linalostahili kusikilizwa kwa makini kabla ya kwenda mbele. Hakuna kampuni inayoweza kubeba kila kilichoandikwa tangu siku ya kwanza. Kila maktaba ya zamani iliyobaki ndani ya mfumo ni mlango unaohitaji mlinzi, na wavamizi wa kompyuta hupenda milango ambayo walinzi wake wamezeeka. Tena mwezi Novemba 2020, mwaka mmoja tu baada ya Catalina, Apple ilianza kuuza kompyuta zenye vichakataji vyake yenyewe badala ya vile vya Intel, na mzigo wa biti 32 ungeifanya safari hiyo kuwa ngumu zaidi. Ushauri unaotolewa kwa wepesi, kwamba msanii asipandishe mfumo wake, nao una gharama, kwa kuwa Mojave, toleo lililotangulia Catalina, lilikoma kupokea marekebisho ya usalama mwaka 2021, na kompyuta isiyorekebishwa haifai kuunganishwa na intaneti. Haya yote ni kweli. Lakini si kweli kwamba kuachwa kwa programu za zamani ni sheria ya maumbile. IBM ilipotangaza familia ya kompyuta za System/360 tarehe 7 Aprili 1964, iliahidi kwamba programu iliyoandikwa kwa mashine moja ingeendeshwa na nyingine, na warithi wa mashine hizo wanaotumika leo katika mabenki bado wanaweza kuendesha programu zilizoandikwa kwa ajili ya babu zao. Windows ya biti 64 iliziacha programu za biti 16, lakini hadi leo inaendesha zile za biti 32. Kubeba au kutobeba ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

Hukumu inayofaa, basi, si kumlazimisha mwenye mfumo aibebe kila programu milele. Chombo kinaruhusiwa kufa. Kinachohitaji kuangaliwa ni kile kilichofungiwa ndani ya chombo, na hapa ndipo fikihi ya amana inapotoa mwanga ambao falsafa ya vyombo haina. Msanii anapohifadhi mchoro wake kwa fomati ya siri, fomati ikiwa ni kanuni ya namna data inavyopangwa ndani ya faili, anaikabidhi kazi yake kwa mwandishi wa fomati hiyo, kwa kuwa hakuna mwingine ajuaye kuisoma. Faili iko kwenye diski yake, lakini ufunguo haupo kwake. Hali hii ni ya amana hata kama mkataba hauitaji kwa jina hilo. Aliyepokea amana halipi ikiharibika bila ya uzembe wake wala kuvuka mipaka, na hilo ni la haki. Lakini Qurani, katika Surat an-Nisaa, inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na wanazuoni wa Shafi waliingia katika tanzu ambazo msomaji wa leo anaweza kustaajabu jinsi zinavyolingana na jambo hili. Moja ya tanzu hizo inahusu mshika amana anayetaka kusafiri. Hawakumkataza kusafiri, na hawakumtaka aibebe amana hiyo safarini hadi mwisho wa dunia. Walisema kwamba kabla ya kuondoka airudishe kwa mwenyewe au kwa wakili wake. Akiwakosa, aikabidhi kwa kadhi. Na akimkosa kadhi, aiweke kwa mtu mwaminifu. Akisafiri bila ya kufanya hayo na amana ikapotea, analipa.

Kampuni inayohamia mfumo mpya, au inayoacha kuuza programu, ni mshika amana anayesafiri. Kumrudishia mwenyewe ni kumpa msanii njia ya kuitoa kazi yake nzima, pamoja na tabaka zake, maandishi yanayoharirika na mistari inayopindika, kwenda katika fomati ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kumpa wakili ni kuandika programu ya kugeuza faili, inayofanya kazi hiyo kwa niaba yake. Kumpa kadhi ni kuiweka kanuni ya fomati mikononi mwa taasisi ya umma au ya viwango. Kumpa mwaminifu ni kuutoa msimbo chanzo, yaani maandishi ya asili ya programu, kwa jamii ya waandishi walio tayari kuutunza.

Kisa cha FreeHand kinaonyesha maana ya safari iliyofanywa bila ya kumaliza hatua hizo. FreeHand ilikuwa programu ya kuchora kwa vekta, mbinu ambayo mchoro huhifadhiwa kama hesabu za nukta na mikunjo badala ya vitone vya rangi, na tangu ilipotoka mwaka 1988 ilipendwa na wachoraji wa nembo, ramani na mabango. Mwaka 2005 Adobe, iliyokuwa na programu pinzani ya Illustrator, iliinunua kampuni ya Macromedia iliyokuwa ikiimiliki FreeHand, na mwaka 2007 ikatangaza kwamba FreeHand haitaendelezwa tena. Kwenye kompyuta za Apple programu hiyo ilikuwa imeandikwa kwa vichakataji vya PowerPC, ambavyo Apple ilianza kuviacha mwaka 2006, na kwa miaka mitano iliishi juu ya Rosetta, mkalimani aliyewekwa ndani ya mfumo ili kuyageuza maagizo ya kichakataji cha zamani yawe ya kile kipya. Mwezi Julai 2011 toleo la mfumo lililoitwa Lion lilitoka bila ya Rosetta, na FreeHand ikanyamaza. Illustrator iliweza kufungua faili nyingi za FreeHand, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na wakili hata kidogo, lakini si kila kitu kilivuka kama kilivyokuwa. Watumiaji walijikusanya, na mwaka huohuo wa 2011 wakaipeleka Adobe mahakamani nchini Marekani kwa sheria za kuzuia ukiritimba. Mwaka uliofuata pande mbili zilipatana, na mapatano hayo hayakuifufua FreeHand. Mashtaka yalikuwa ya ushindani wa kibiashara, kwa sababu huo ndio mlango uliokuwa wazi kisheria. Lakini walichokuwa wakikililia wengi wao hakikuwa bei wala soko. Kilikuwa miaka ya kazi zao.

Kando ya kisa hicho lazima kiwekwe kingine, ili isidhaniwe kwamba jambo linalotakiwa haliwezekani. Mwaka 2002 kampuni ya NaN ya Uholanzi, iliyokuwa ikitengeneza programu ya Blender ya kuundia picha za pande tatu, ilifunga milango yake. Ton Roosendaal, mwanzilishi wa programu hiyo, aliafikiana na wenye mitaji kwamba msimbo chanzo ungeachiliwa kwa malipo ya euro 100,000, na watumiaji wa Blender wakazichanga fedha hizo kwa muda wa wiki saba. Tarehe 13 Oktoba 2002 msimbo huo ulitolewa kwa leseni huria, ambayo humruhusu kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Amana ilipata mtu mwaminifu. Haki inadai pia kutaja kwamba Adobe yenyewe iliipeleka fomati yake ya PDF kwa Shirika la Kimataifa la Viwango, ambalo liliitangaza kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, na kabla ya hapo, mwaka 2005, shirika hilo lilikuwa limekwisha kutoa kiwango cha PDF/A kilichokusudiwa nyaraka za kuhifadhiwa kwa muda mrefu. Aliyefanya hivyo kwa fomati moja anajua namna ya kufanya kwa nyingine.

Inaweza kusemwa kwamba mchoro uliokwisha kuchapishwa haupotei, kwa kuwa kitabu kiko rafuni na bango liko ukutani. Hoja hii inachanganya tunda na mti. Kilichochapishwa ni hali moja ya kazi, iliyogandishwa siku ya kutolewa. Faili ndiyo kazi ikiwa bado na uwezo wa kukua, kusahihishwa, kufundishia na kuzaa kazi nyingine. Aristotle angesema kwamba katika faili kazi ipo kwa uwezekano na katika chapa ipo kwa utendekaji, na anayezuia uwezekano ameua mambo ambayo hayajulikani idadi yake. Hati za tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zile za Utendi wa Tambuka wa Pate ambao tarehe yake ni ya mwaka 1728, zinasomeka leo na yeyote aliyejifunza hati hiyo, na mnakili wa karne ya 19 aliweza kuzinakili bila ya kumtafuta aliyetengeneza kalamu ya kwanza. Mchoro wa mwaka 1990 uliofungwa katika fomati ya siri ni mdogo kwa umri wake na mzee kwa hali yake.

Mfano wa Andy Warhol unaonyesha jitihada inayohitajika pale kila mshika amana amekwisha kuondoka. Mwaka 1985 mchoraji huyo alialikwa na kampuni ya Commodore kuchora kwa kompyuta yake mpya ya Amiga, na baadhi ya picha alizochora zilibaki katika diski laini zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake mjini Pittsburgh. Zilipotafutwa tena, ilibidi wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wazinakili diski hizo kwa vifaa maalumu, kisha waichunguze fomati ambayo haikujulikana hadi waielewe, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Warhol alikuwa na jina, jumba na klabu ya kumtafutia picha zake. Mchoraji wa vitabu vya watoto hana hata kimoja kati ya hivyo.

Lipo pia suluhisho la mwigo, lililotetewa na mtaalamu wa kompyuta Jeff Rothenberg tangu mwaka 1995, yaani kuandika programu inayojifanya kuwa kompyuta ya zamani ili mfumo wa zamani na programu zake vikae ndani yake kama vilivyokaa nyumbani kwao. Kwa maktaba na makumbusho hii ni njia njema. Kwa msanii wa kawaida inabaki kuwa dawa ya dharura, kwa sababu leseni inayotaka kuthibitishwa na seva iliyokwisha kuzimwa itakwama ndani ya kompyuta ya kuigiza kama inavyokwama nje yake.

Wajibu wa mshika amana haumwondolei mwenye mali wajibu wake. Anayejua kwamba mwenziwe ni msafiri, na anaona mizigo ikifungwa, hana udhuru wa kulala. Kabla ya kuupandisha mfumo wake, msanii ana wajibu wa kuifungua kila kazi anayoithamini kwa programu iliyoizaa, kuitolea nakala katika fomati iliyo wazi, SVG kwa michoro ya vekta, TIFF kwa picha, PDF/A kwa kurasa, kuandika jina na toleo la programu aliyoitumia, na kuzikagua fonti zake, kwa kuwa fonti za zamani za Type 1 ziliachwa na programu za Adobe mwezi Januari 2023 na kurasa zilizozitegemea hazipangiki tena kama zilivyokuwa. Nakala hizo hazitakuwa na kila kitu. Zitakuwa na kinachotosha kwa mkono mwingine kuendelea.

Kwa upande wa kampuni, hukumu ya makala haya ni kwamba aliyeuza chombo kwa fomati ya siri, kisha akahama bila ya kumrudishia mwenyewe kazi yake wala kuiweka kwa wakili, kadhi au mwaminifu, amefanya uzembe katika amana, na kwamba kifungu cha leseni kinachomvua jukumu hilo hakigeuzi tabia ya tendo lake mbele ya Mola hata kikikubaliwa mbele ya hakimu. Mlango wa amana unasomeshwa hadi leo katika madarasa ya Lamu, Mombasa na Unguja, na utanzu wa msafiri umo ndani yake. Masheikh wanaousomesha wanaombwa waliingize swali hili katika darasa zao, waliulize kwa maneno ya fani yao, na walitolee fatwa iliyoandikwa, kwa kuwa wanafunzi wanaoketi mbele yao leo ndio wachoraji, wapangaji wa kurasa na waandishi wa programu wa kesho.